Bolti ya Nane

Mume wangu anaitwa Fundi Robo, na hilo jina hakulipata kwa ufupi wake kama wanavyodhani wageni. Alilipata kwenye bolti. Ukirudisha kichwa cha injini juu ya bloku, yaani mwili wa injini yenyewe, kuna bolti kumi za kukishikilia, nazo hukazwa kwa raundi. Raundi mbili za kwanza unatumia spana ya kipimo, ile inayolia "ka" ikifika pake, kwa hiyo hata mwenye usingizi hakosei. Raundi ya mwisho spana ile haina kazi. Unashika mpini mrefu, unaongeza kila bolti robo mzunguko, basi. Hakuna mlio. Bolti iliyoongezwa na ambayo bado zinafanana sura. Hapo ndipo mafundi wengi huchanganyikiwa, wakairudia hii na kuiruka ile, na wenye akili zao huzitia alama ya rangi. Mume wangu hatii rangi. Yeye huzitaja majina.

Anaanza katikati, ndivyo inavyotakiwa, halafu anazunguka kuelekea pembeni. Bolti ya kwanza ni Baba. Ya pili ni Mama. Kisha Babu, Bibi, Mjomba, Shangazi, Dada, Mdogo wangu, Mke wangu, na ya kumi, iliyoko kona ya mbele jirani kabisa na bomba la moshi, ni Mama mkwe. Siku nilipogundua mama yangu kawekwa wapi nilimnunia siku mbili. Alijitetea kwamba kona ile inataka mtu mvumilivu. Nikamwambia basi akae yeye.

Majina yalianza zamani, alipokuwa anajifunza kazi kwa baba yake. Namba zilikuwa hazimkai kichwani. Siku moja akairudia bolti moja mara tatu, ikakatikia ndani ya bloku, na baba mkwe, Mungu amrehemu, akakaa juu ya tairi akaitazama karibu nusu saa bila kutukana. Mume wangu anasema ingekuwa afadhali matusi. Kuanzia hapo akazigawa bolti kwa ukoo. Namba mtu anaweza kuisahau, aliniambia tulipokuwa wachumba, lakini nani anamsahau shangazi yake? Shangazi yake nimeshamjua sasa, na kama ingewezekana ningejitahidi.

Mimi nina duka la spea lililogusana na gereji yake. Nauza plagi, mikanda, mipira ya rejeta, na zaidi ya yote gasketi. Mtaani wananiita Mama Gasketi, na sina ugomvi na jina hilo. Kati ya duka na gereji ni ukuta wa mbao nyembamba, chafya ya huku wanaijibu kule. Miaka kumi na tisa nimeusikia ukoo ule ukikazwa. Nikisikia "Mama" naweka maji ya chai jikoni, nikisikia "Mama mkwe" natoa vikombe. Nilishazoea hata nikawa sisikii tena, na hapo ndipo kosa langu la pili lilipotokea. La kwanza nitalisema, sina pa kulificha.

Upande wa pili wa gereji ni chumba cha mashine cha mdogo wake. Baba mkwe alipofariki aliacha vitu viwili vya maana: zana zake, zikaenda kwa mkubwa, na mashine ya kusaga nyuso za injini, ikaenda kwa mdogo. Injini ikichemka sana kichwa chake hupinda, kidogo tu, unene wa unywele, lakini unywele huo unatosha gasketi isikae. Hapo kinapelekwa kwenye mashine, kinasagwa mpaka uso unyooke. Shemeji yangu huyu ni mtu wa maneno machache na mikono misafi kuliko ya fundi yeyote niliyewahi kumwona. Ana rula ya chuma anayopimia nyuso, anaivisha kitambaa, anailaza kwenye sanduku lake. Wanawe hawajawahi kulala vizuri hivyo. Watu wanamwita Fundi Rula. Mmoja alisaga, mwingine akafunga, na gari lililopita mikononi mwa Rula na Robo lilikuwa halirudi.

Halafu akaja daktari wa meno.

Kliniki yake iko mtaa wa pili. Ni mtu mpole, anavaa miwani minene, na kila mwaka huingia kwenye mbio za magari za kupanda kilima, na kila mwaka anapitwa na mfamasia. Mwaka huu, alisema, imetosha. Kigari chake kidogo cha kazini akataka kitiwe turbo. Mume wangu akacheka, akalizunguka gari mara mbili, akakubali. Kazi kama ile ilikuwa haijawahi kuingia pale, na jioni hiyo alikula kwa kujichekea peke yake, mpaka nikamuuliza kama ana siri.

Nieleze jambo la turbo, maana bila hilo hakuna atakayenielewa. Gasketi imekaa katikati ya kichwa na bloku, na kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu ambavyo havitakiwi kukutana: moto, maji na mafuta. Turbo inasukuma hewa nyingi kwenye injini, mlipuko unakuwa mkubwa, na kila mlipuko unajaribu kukiinua kichwa. Gasketi ya kawaida, ile ya unga uliogandamizwa wenye pete za bati, imetengenezewa nguvu za kawaida. Ukiongeza presha inaungua, hasa pale palipo pembamba kati ya silinda na silinda. Kwa turbo unataka gasketi ya chuma, ya tabaka tatu, na uso uliosagwa laini mpaka uone sura yako.

Shemeji alilijua hilo kuliko sisi wote. Alisaga kichwa, akasaga na bloku, akavileta mwenyewe kwa toroli. Kaka yake hakuwepo, alikwenda kutafuta mabomba. Akasimama kwenye kaunta yangu akifuta mikono iliyokuwa tayari misafi, akasema, "Shemeji, mwambie kaka asiweke ya kawaida. Uso huu nimeufanyia ya chuma."

Ya chuma nilikuwa nimeagiza, haijafika. Daktari alikuwa anapita kila asubuhi kuulizia, akichungulia juu ya miwani. Mume wangu aliporudi akaniuliza nina gasketi gani. Nikampa ya kawaida. Akaniuliza kama itatosha, nikasema wengi wanaweka. Maneno ya shemeji sikuyafikisha. Sikuyasahau, niliyakalia. Nilitaka kazi iishe, daktari aache kunichungulia, na nilijiambia kwamba shemeji ni mtu wa kuzidisha uangalifu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ndilo lililozaa mengine yote.

Gari liliondoka likiunguruma hadi watoto wa shule wakasimama. Siku ya nne lilirudi kwa kamba. Rejeta ilikuwa inatoa mapovu, mpira wa maji umekakamaa, na moshi mweupe ulikuwa umetoka njia nzima. Wakafungua. Gasketi imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, pamekatika kabisa. Tulikuwa wanne tumeinama juu yake: mume wangu, mdogo wake, daktari na mimi. Shemeji akaichukua, akaigeuza, akaona ni ya kawaida. Kisha akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Angeweza kusema. Neno moja tu, nami ningeumbuka pale pale mbele ya mteja. Hakusema. Akairudisha juu ya meza taratibu, akanyamaza, na mume wangu, aliyekuwa amefura kwa aibu ya kurudishiwa gari, akaona kule kunyamaza ni kukiri kosa.

"Uso haukunyooka," akasema.

Shemeji akauliza kama alete rula wapime.

"Rula ni yako. Itasema unachotaka iseme."

Sijui mtu wa nje anaweza kuelewa uzito wa maneno hayo. Rula ile ilikuwa ya baba yao. Shemeji alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri aliyemkanyaga aondoe mguu, halafu akatoka. Nilitaka kumwita. Sikumwita, na aibu ya siku ile bado ninayo hadi ninapoandika haya.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuchukiza, na sipendi kuzirefusha. Mume wangu akikasirika hapigi kelele, anafuta. Jina la mdogo wake likafutika nyumbani. Akitaka kumtaja anasema "jirani". Jirani kafungua mapema leo. Jirani hana wateja, naona. Na wateja kweli hawakuwepo, kwa sababu mwenyewe alikuwa amepita mtaa mzima, kwa fundi rangi, kwa wa matairi, kwa wa umeme, akisema mashine ya pale imepinda, inaharibu vichwa vya watu. Neno la Robo juu ya Rula, nani angelikataa? Wakaanza kupeleka vichwa vyao mbali. Chumba cha mashine kikawa kimya, na ukimya ule ulipenya gereji nzima ukanifikia dukani.

Gasketi ya chuma ikafika. Kichwa cha daktari kikasagwa mahali pengine, upande wa pili wa mji, kwa watu tusiowajua. Mume wangu akafunga, nami nikawa dukani nabishana na mtu aliyetaka mkanda wa gari tofauti na lake. Nilisikia majina kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Gari likatoka. Wiki moja baadaye daktari akalirudisha taratibu, bila kulaumu, akaomba liangaliwe: maji yanapungua na rejeta inatoa mapovu tena.

Safari hii gasketi ilikuwa nzima katikati. Iliachia kwenye kona ya nyuma, silinda ya nne, palikuwa na njia nyeusi ya moshi inayotoka kwenye moto kwenda kwenye maji. Kichwa kilisagwa kwingine, kwa hiyo nilidhani sasa atanyamaza. Wapi. Akaigonga ile kona kwa kidole. Kama si kichwa basi ni bloku, alisema, na bloku kasaga nani? Jirani. Ushahidi huo hapo, mnauona kwa macho. Daktari akaikagua ile kona kwa muda mrefu kana kwamba itafungua mdomo zaidi.

Jumatatu yake shemeji akaja dukani. Akaniambia mashine amepata mtu wa kuichukua, gari litakuja Jumamosi. Yeye na mkewe na watoto watahamia kwa wakwe zake, safari ya siku nzima kutoka hapa. Kaka wa mkewe ana kinu cha kusaga nafaka, atamsaidia. Aliyasema haya huku akinyoosha pakiti za plagi kwenye kaunta yangu zikae mstari mmoja. Nikamuuliza kwa nini hakusema lolote siku ile.

"Ungesemwa wewe," akajibu. "Mimi nilidhani kaka atapoa."

Akaenda zake. Nikafunga duka mchana kweupe, nikakaa juu ya katoni. Sikulia, sina tabia hiyo, lakini nilijitukana matusi ambayo mama yangu asingependa kujua ninayajua. Niliamua kumwambia mume wangu ukweli wa ujumbe niliokalia. Na hapo hapo nikajua hautatosha. Ungemsafisha shemeji kwa gasketi ya kwanza. Ya pili ilikuwa ya chuma, ya kweli, na bado iliachia. Angesema sawa, ile ni yako, na hii ni ya jirani. Ningemwaga siri yangu na mashine ingeondoka vilevile.

Basi nikaichukua gasketi ya pili nikaileta dukani, nikaiweka kwenye mwanga. Kazi ya gasketi nimeifanya miaka mingi, najua inavyogandamizwa. Kuzunguka kila tundu la bolti chuma kinang'aa pale kilipobanwa. Nikahesabu matundu. Tisa yanang'aa sawasawa. Moja, lile la kona ya nyuma, lina mng'ao hafifu, wa kubanwa kwa adabu. Uso ukipinda hauachi alama ya namna hiyo. Hiyo ni bolti iliyokosa kitu.

Nikawa bado sijaelewa. Siku ya pili mume wangu alikuwa anafunga pikapu ya muuza mbao, injini ya kawaida isiyo na mbwembwe. Nikazima redio, nikaweka sikio kwenye mbao. Baba. Mama. Babu. Bibi. Mjomba. Shangazi. Dada. Mke wangu. Mama mkwe.

Nikahesabu kwa vidole, nikabaki na kimoja.

Hakuwa anafanya kusudi, nataka hilo lieleweke. Mume wangu ana kichwa kigumu lakini hajawahi kuharibu kazi ya mtu kwa makusudi. Ni kwamba kwenye raundi ile mdomo ndio unaouongoza mkono. Kinywa kilishakataa kumtaja mdogo wake, kikiruka kutoka kwa Dada kuja kwangu, na mkono ukafuata kinywa. Bolti ya nane ilikuwa inabaki na kipimo cha raundi ya pili, bila robo yake. Kwa pikapu ya mbao hilo si kitu, itatembea miaka. Kwa injini yenye turbo, palipolegea ndipo moto unapopitia. Na kwa kuwa ilikuwa bolti ya mdogo wake, ubovu ulitokea kwenye kona ya mdogo wake, na mume wangu akapata cha kumlaumia.

Ningeweza kumwambia papo hapo. Namjua lakini. Angekataa, angesema nimesikia vibaya kupitia mbao, na kesho yake angetaja majina yote kumi kwa sauti ya kuhubiri, kazi ikawa safi, na lawama ikabaki kule kule kwenye bloku. Nilitaka aone kwa macho. Nikamtafuta daktari kwenye kliniki yake, nikakaa kwenye kile kiti kwa kuwa hapakuwa na kingine, nikamweleza yote, pamoja na langu. Alisikiliza akiwa na kioo chake mkononi. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama ninataka aniangalie na jino moja la nyuma.

Kufunga kwa mara ya tatu kulikuwa Ijumaa asubuhi. Gasketi mpya ya chuma, kichwa safi, raundi ya kwanza, ya pili, spana ikalia mara ishirini. Kabla ya robo mume wangu hunawa mikono, ni desturi yake. Aliporudi akamkuta daktari ameketi kwenye stuli, akamwambia kwamba safari hii anaomba bolti zitiwe alama, kwa amani ya moyo wake tu. Mume wangu akaniangalia, akaangalia chupa ya rangi ya kucha mkononi mwangu, nyekundu, ile ya harusi ya dada yake.

"Paka," akasema. "Rangi ni ya watu wasiojua ukoo wao."

Nikachora mstari mdogo juu ya kila bolti, yote kumi ikielekea mlangoni. Akasubiri ikauke huku amekunja uso kwa dharau. Kisha akashika mpini. Baba. Mama. Alikuwa hatazami rangi hata kidogo, macho kayainua ukutani kama anavyofanya daima, anausikiliza mkono wake. Shangazi. Dada. Mke wangu. Mama mkwe. Akaweka mpini chini, akachukua tambara.

Nikamwambia aangalie.

Akaangalia. Mistari tisa ilikuwa imegeuka, inatazama dirishani. Mmoja, kona ya nyuma, ulikuwa bado unatazama mlangoni, tulipoingilia.

Kwanza alisema nimeupaka vibaya ule mmoja. Kisha akarudisha mpini, akausukuma kidogo tu kwa kiganja, ile bolti ikasogea. Akauachia kana kwamba umemuunguza. Ng'ambo ya ukuta wa pili tulisikia mlio wa spana. Shemeji alikuwa anafungua mashine yake kutoka sakafuni.

Daktari akavua miwani akaifuta. "Fundi," akasema, "hiyo moja ni nani?"

Mume wangu alitazama mistari, akatazama mlango.

"Mdogo wangu," akasema.

Ndipo nami nikatoa langu. Nikamwambia shemeji alileta ujumbe kuhusu gasketi ya chuma, nikaukalia. Kwamba siku ile alipoigeuza ile iliyoungua aliniona na akanyamaza kwa ajili yangu. Sikupamba. Kwa siku kadhaa baadaye mume wangu aliniita "Mama Gasketi" kama wateja, nililipokea jina hilo kwa sababu nililistahili. Pale pale alifuta mikono, akatoka, akaingia mlango wa pili. Nikamfuata, nikasimama nje.

Alimwambia kwamba uso ulikuwa sawa, bolti aliiacha yeye. Alilisema haraka na kwa sauti ndogo. Shemeji alikuwa amepiga magoti kando ya mashine, bolti tatu za sakafuni zimeshatoka, ya nne iko nusu. Hakusimama.

"Ulinisema mtaa mzima," akajibu. "Mtaa mzima ujue."

Mchana ule duka lilifungwa na gereji ilifungwa. Mume wangu alipita kila alipokuwa amepita mwanzo, nami nikiwa ubavuni kwa sababu sehemu yangu nayo ilitakiwa kusemwa. Fundi rangi alicheka hadi akapaliwa, wakampiga mgongoni. Wa matairi alitaka kujua yeye angekuwa bolti ya ngapi. Wa umeme hakucheka. Alisema alishapeleka vichwa vitatu mbali kwa maneno yetu, na akatuacha tumesimama juani akamalizia kuunganisha waya wake ndipo akatuambia kwaheri. Magari sita yaliyofungwa mwezi ule ilibidi yaitwe yarudi kuchukua robo yao. Muuza mbao aliuliza kwa nini, mume wangu akamweleza mwanzo mpaka mwisho, na masikio yalimwiva.

Jumamosi gari la kuchukua mashine lilikuja. Shemeji alizungumza na dereva barabarani muda mrefu, sikusikia nini, kisha likageuza likaondoka tupu. Baadaye akaingia gereji bila kusalimia, akaenda moja kwa moja kwenye injini ya daktari, ambako mpini ulikuwa umeachwa juu ya bolti ya nane tangu jana. Akaushika mwenyewe, akaipa bolti robo yake. Mstari mwekundu ukageuka kutazama dirishani na wenzake. Gasketi ile ipo hadi leo. Daktari alipanda kilima bila tone la maji kupotea, na mfamasia akampita tena, lakini hiyo ni habari ya breki na woga.

Wasidhani walikumbatiana. Walikaa wiki nzima wakizungumza kwa kupitia kwangu, nikawa mkalimani wa ndugu wa tumbo moja. Mashine ilibaki imesimama huru sakafuni, na shemeji hakuigusa. Nilianza kufikiri kwamba huenda anangoja tu dereva mwingine.

Jumamosi iliyofuata mume wangu alinawa mikono, akachukua mpini mrefu, akaingia mlango wa pili bila kubisha. Nilikwenda hadi mlangoni. Shemeji alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, rula yake mapajani ndani ya kitambaa, anamtazama. Mume wangu akapiga magoti penye mguu wa kwanza wa mashine, akaingiza bolti, akaikaza, akataja jina lake kwa sauti. Akahamia wa pili. Bolti za sakafuni ni nne tu, na nilidhani ataanza na Baba kama kawaida.

Mdogo wangu, alisema. Mdogo wangu. Mdogo wangu. Mdogo wangu.

Shemeji akainama, akaiangalia ile ya nne kwa jicho moja, alivyozoea kuangalia nyuso za injini.

"Hiyo bado robo, kaka," akasema.